Jicho la Mashine Ndani ya Ulezi

Kwa miaka ishirini na miwili Thadeo Masatu alionyesha sinema mjini Musoma, na watazamaji wengi hawakuwahi kumwona sura. Kazi yake ilikuwa juu, katika kijichumba cha mashine, akichungulia ukumbi kupitia tundu la ukutani. Kuchungulia huko kulimzoesha kushuku watu.

Ukumbi aliujua vilivyo: sakafu iliyoteremka taratibu ili wa nyuma wasizibwe na vichwa vya mbele, dari ya mbao laini iliyomeza mwangwi, baraza pana walikokutania watu wa Nyasho na wageni wa Butiama kila Jumamosi. Kisha ikaja miaka ya shida, filamu zikaadimika, na vibanda vya video vikawapokonya wateja. Mwaka 1991 mwenye ukumbi akatangaza kuuza.

Akaja Werema, mfanyabiashara wa Bunda. Thadeo alimtilia shaka tangu mlangoni. Mtu mzima gani anasimama katikati ya ukumbi mtupu, anapiga makofi, halafu anatega sikio? Akapima na mteremko kwa futi kamba.

"Hii sakafu ililalaga hivi toka mwanzo, mzee?"

"Ndiyo. Magunia ya pamba yatateleza hapa."

Werema akacheka. "Nani amesema pamba? Mimi nilikuwaga nakuja hapa toka Kibara, kutazama picha."

Maneno matamu hayo, Thadeo akawaza. Huyu atang'oa mashine aiuze chuma chakavu, ukumbi aufanye ghala. Jioni hiyo akafungua lenzi, ambayo ndiyo jicho la mashine, akaiviringisha kwenye kitambaa na kuifukia ndani ya mtungi wa ulezi nyumbani. Bila lenzi, mashine haimfai mtu.

Wiki mbili baadaye Werema, ukumbi sasa ukiwa wake, alirudi na fundi kutoka Mwanza pamoja na makopo matatu ya filamu. Fundi akafungua mashine, akaduwaa.

"Lenzi iko wapi, mzee?"

"Sijui," Thadeo akajibu, upesi mno. Makopo yale aliyaona kwa macho yake, lakini bado alinong'ona moyoni kwamba huo ni mtego.

Mkewe, Eufrasia, hakumwonea haya. "Mrudishie mtu kitu chake! Wewe unashukuga mpaka kivuli chako."

Zilipita siku kumi akibishana naye na kujibishana mwenyewe. Siku ya kumi na moja alichota ulezi kidogo akautia kikapuni, akaiweka lenzi katikati yake, akaenda mjini.

Mlangoni alikuta lori la kifusi. Ndani, vibarua walikuwa wanajaza ule mteremko, sakafu iwe sawa. Werema alisimama barazani, kicheko kimemwisha.

"Nimepiga simu Mwanza mpaka Nairobi, hiyo lenzi hawana. Nimewapangisha watu wa pamba, mzee. Sasa magunia hayatateleza."

Thadeo aliona aibu. Alifungua mdomo aseme.

"Umebeba nini?" Werema akauliza, akitazama kikapu.

"Ulezi," Thadeo akasema.