Mama Mkwe Amepaka Siagi Moteri ya Mume Wangu

(Aliyetuandikia anaishi Uvira. Jina lake tunalo sisi, halitatoka hapa.)

Ndugu wasomaji, mimi ni mwanamke wa miaka ishirini, nimesoma sekondari kwa masista, na tangu mavuno ya mpunga nimeolewa na mwanaume ninayempenda mpaka naona haya kuandika. Ni fundi katika garaji hapa Uvira. Akiingia mlangoni na ile harufu yake ya mafuta na sabuni, moyo wangu huenda mbio kana kwamba sikumwona asubuhi ile ile. Nawaambia hayo kwanza, asije mtu akanishauri nirudi kwetu Bwegera. Sirudi.

Kwa desturi ya kwao, milimani Rurambo, bibi arusi hukaa ndani. Halimi, hateki maji, haonekani njiani. Hulishwa na kupakwa siagi ya ng'ombe mpaka siku mama mkwe atakapomshika mkono na kumtoa nje mbele ya watu. Nilikubali kwa moyo mmoja. Basi mama mkwe akashuka na kibuyu chake cha siagi, akakaa nasi.

Sasa, mume wangu ana motokari ndogo, urefu wake kama mkono wangu kutoka kiwiko mpaka vidole. Ina moteri ya kweli ndani, injini inayounguza mafuta. Alipewa na Mzungu wa garaji aliyekuwa anarudi kwao, pamoja na chupa za mafuta yake ya kuendea: alkoli, mafuta ya mbono, na dawa moja kali inayoitwa nitro. Kila Jumapili baada ya misa huifunga waya kwenye mti aliouchomeka katikati ya kiwanja, karibu na ziwa, nayo huzunguka huku watu wamejaa kutazama. Mimi sijaiona ikienda hata mara moja. Naisikia tu nikiwa ndani, inalia kama nyuki aliyekasirika, kisha inanyamaza, nami najua sasa anakuja.

Na huja mbio. Ile nitro ikibaki ndani ya moteri huvuta maji ya hewani, na hewa yetu ya ziwa mnaijua. Ukilala tu, kutu. Kwa hiyo huiacha iunguze mafuta yote mpaka izimike yenyewe, halafu ananiletea ingali ya moto. Tunaketi mkekani. Naifuta, nadondosha mafuta safi ya mbono kwenye mdomo wake wa hewa na kwenye tundu la buji, ile plagi ya kuwashia, naye anazungusha gurudumu polepole mpaka yafike kwenye gololi za ndani. Kisha naifunga kwa kitambaa nilichokata kwenye gauni langu la shule. Siku ya kwanza aliniambia, "Zungusha weye, usikie inavyolainika." Vidole vyetu vikagusana. Hakuna aliyewahi kuniambia neno tamu kuliko hilo.

Jumapili moja mama mkwe akasimama mlangoni, mikono kiunoni.

"Bibi arusi anapakwa mafuta, hapaki. Masista ndio walikufundisha hivi?"

"Mama, tukiiacha itashika kutu."

"Weye ndiye utashika kutu. Tazama vidole, vimekuwa vya mufundi wa garaji. Siku nikikutoa nje, watu watauliza mwanangu alioa nani." Akanyoosha mikono. "Lete. Mpaka siku ya kutoka, kazi hii ni yangu."

Mume wangu alitazama chini. Mimi nikampa. Akaichukua na kuipaka siagi ya Rurambo, nje na ndani, kwa mapenzi yote, kama anavyonipaka mimi mgongo.

Jumapili iliyofuata sikusikia nyuki. Mume wangu alirudi anatembea. Tuliifungua: gololi zimeshika kutu, rangi ya tofali, na siagi imechacha mpaka chumba kizima kinanuka. Nilishinda na mafuta ya taa na tambara, nikisugua. Mama mkwe akaingia, akaiona siagi yake kwenye tambara, na tambara limo majivuni.

"Siagi ya nyumba yetu mumeitupa mu majivu?"

"Mama, kwa ngozi yangu ni nzuri sana. Lakini ina maji ndani, chuma hakiitaki."

"Minye mwenyewe nimepaka visu vya baba yake miaka yote. Kimoja hakijashika kutu."

"Kisu hakinywi nitro, mama."

Akachukua kibuyu chake. "Siku utakaponiomba msamaha, na kile chuma kikirudi mu mikono yangu, nitashuka kukutoa. Usipotaka, kaa ndani uzeeke." Asubuhi akapanda lori la kurudi Rurambo.

Mume wangu anasema, "Mwombe tu, mpenzi. Msamaha haulipiwi kodi. Akija atapaka siagi yake, akilala sisi tutaifuta." Nikamwambia kwamba sitamdanganya mama yake, na sitaomba msamaha kwa kuiokoa moteri. Kumjibu lile neno la kisu, kwa hilo naweza kumwomba radhi. Lakini moteri siitoi. Mume wangu ana kiwanja, ana watu wanaopiga makofi. Fungu langu katika motokari ile ni ile saa ya mkekani peke yake. Akacheka, akasema kumbe ameoa moteri mbili.

Nayo imepona. Jumapili iliyopita imelia tena, nikaisikiliza nikiwa nimeshika kitasa cha mlango. Majirani wanasema bibi arusi akitoka bila mama mkwe ni aibu ya ukoo mzima, na huko Rurambo hawatamsalimu mume wangu.

Wasomaji, nipeni neno. Nimngoje mama mkwe, ambaye kwa kweli nampenda, aje anishike mkono, au Jumapili ijayo nivae gauni langu, nitoke mwenyewe na vidole vyangu hivi, nifuate sauti mpaka kiwanjani? Semeni lolote, ila msiniambie habari ya siagi. Na mkijibu, jibuni mapema. Kitasa nakizungusha kila siku, kimeanza kulainika.