Vidonge Katika Pindo la Khanga

Letisia wa Masanze hakuwa mwanamke wa kulia. Watoto wake wote aliwazaa kimya, mkunga akamwita jiwe, naye jina hilo akalivaa kama kitenge cha Krismasi. Basi utumbo ulipojisokota, akapelekwa Mikumi hospitalini kupasuliwa, alishaapa moyoni kwamba humo wodini sauti yake hawataisikia.

Nesi wake aliitwa Tumwagile, binti wa Kinyakyusa. Kila akileta vidonge vya maumivu, Letisia hutia mdomoni, hunywa maji, hushukuru. Nesi akigeuka, anavitema, anavifuta, anavifunga kwenye pindo la khanga. Masika yalikuwa mlangoni, na zahanati ya kijijini leo ina dawa, kesho haina. Mumewe Mathias akishinda na jembe, magoti hayamwachi alale. Mkulima wa kweli hata njaa imuume vipi, mbegu haili.

Akiulizwa maumivu, anajibu ya kawaida tu. Akiambiwa ainuke atembee, akohoe, anasema jioni. Jioni anasema kesho. Tumwagile akamweleza wazi kwamba mtu aliyepasuliwa tumbo asipokohoa wala kutembea, kifua hujaa, mapafu huugua, na mvua itamkuta humo humo kitandani. Letisia akatazama ukuta.

Asubuhi moja mkwewe Loveth akaja na uji. Akapiga goti kando ya kitanda.

"Shikamoo, mama."

Letisia akafungua mdomo. Pumzi ikagota kwenye mshono, ikarudi ilikotoka. Loveth akangoja, goti sakafuni, machozi yakimlengalenga. Tangu aolewe hajanyimwa marahaba hata siku waliyogombana. Akajiuliza amekosa nini.

Tumwagile alikuwa akihudumia kitanda cha jirani, akayaona, na pindo la khanga lililovimba akaliona pia. Akaja, akalipapasa pindo la khanga, akalifungua. Vidonge hivyo, vingine vimeshamomonyoka kwa mate.

"Vya mzee," Letisia akanong'ona. "Magoti yake. Mbegu hailiwi."

"Bibi, hii si mbegu. Hiki ni chakula cha mwenye jembe. Usipokula wewe, nani atalima?" Kisha akasema magoti ya mzee yaletwe yapimwe yenyewe, maana dawa ya mshono wa mke si lazima iwe dawa ya goti la mume.

Akampa vingine. Safari hii Letisia alimeza, akafunua na kinywa kionekane, uso umemwiva kwa haya. Maumivu yalipolegea, akakumbatia mto tumboni kama alivyofundishwa, akakohoa. Akakohoa tena. Loveth alikuwa anasuuza kikombe.

"Marahaba, mwanangu," Letisia akasema. "Hebu nishike mkono."

Wakaenda hadi mlangoni, wakarudi.

Mchana ule nesi alichelewa kidogo na sinia la dawa. Wodi nzima ikasikia sauti ya mwanamke wa Masanze ikiuliza dawa yake iko wapi, maana ana safari nyingine ya kwenda mlangoni.