Chokaa ya Wageni

Mama hakumjua mama yake. Alifiwa angali ananyonya, na enzi hizo kijijini kwetu, upande wa Geita, hakuna aliyekuwa na picha. Alichokuwa nacho ni jiwe. Babu, baba yake mama, alikuwa fundi mwashi aliyejenga kanisa la kwanza pale misheni, na mawe laini yaliyobaki kwenye ujenzi aliyachonga yakawa misalaba ya makaburi. Kwenye misalaba ya watu wengine alichonga majembe, vibuyu, ng'ombe. Kwenye ule wa mkewe alichonga uso, pale mikono ya msalaba inapokutana.

Uso wenyewe ulikuwa wa mistari myembamba, kina chake hakizidi ukucha. Jua likiwa utosini huuoni. Ilibidi uende asubuhi au jioni, mwanga ukija kwa ubavuni, ndipo macho yajitokeze, na pua, na mdomo uliobanwa kidogo upande mmoja. Mama naye hubana mdomo hivyohivyo. Mimi pia, ndiyo maana watu hudhani nimenuna. Mara nyingi wanapatia.

Mwishoni mwa miaka ya tisini ikaja kampuni, ikatangaza kwamba dhahabu imepita hadi chini ya makaburi yetu, na kwamba marehemu watahamishwa. Mtafiti mmoja kutoka Dar es Salaam akaomba aipige picha ile misalaba kabla haijang'olewa. Wakati huo nilikuwa nachapa barua katika ofisi moja pale Nyasubi, Kahama. Nilijua kompyuta kidogo na Kisukuma kingi, basi akanichukua nimsaidie. Kamera yake ilikuwa ya dijitali, ya kwanza mimi kuiona. Haikutumia filamu, ilimeza disketi kama zile zetu za ofisini. Nilipomweleza mama kwamba sura ya bibi itaingia kwenye kompyuta, na itakaa humo hata jiwe likipotea, alicheka, kisha akalia, kisha akauliza kama anaweza kupewa moja ya kutundika ukutani. Nikamwambia ataipata.

Mtafiti alitanguliza ujumbe kwa katekista: makaburi yasafishwe. Yeye alikuwa na maana ya nyasi. Katekista akautangaza kanisani Jumapili, neno kwa neno. Sasa, mtu wa kwetu akiambiwa asafishe mahali kwa ajili ya wageni, haishii kwenye nyasi. Mkuu wa mkoa akipita, hata mawe ya kando ya barabara yanapakwa chokaa. Kina mama wakachangishana, wakaagiza chokaa kutoka duka la Mhindi mjini, wakaikoroga na chumvi ili ishike vizuri, isije ikachafua nguo za wageni.

Tulipofika, makaburi yalikuwa yanaumiza macho kwa weupe. Mama alisimama kando ya msalaba wa mama yake, kajifunga kitenge kipya, mikono myeupe hadi kwenye viwiko. Wenzake walikuwa wamepaka mara moja wakakaa kando. Yeye alikuwa amerudia, akarudia tena, maana huyu alikuwa wake.

"Shikamoo mama," mtafiti alimwamkia.

"Marahaba, karibuni sana. Tumeshamwandaa."

Mtafiti akatoa kamera yake. Alilizunguka jiwe, akasubiri jua lishuke, akatoa kioo alichokuja nacho akamulika kwa pembeni. Palikuwa peupe tu. Nilipandwa na hasira nikatafuta wa kumfokea. Nikamtazama katekista, nikamtazama mtafiti, nikawatazama kina mama na ndoo zao, na kila mmoja alikuwa ametenda kwa wema. Hasira yangu ikakosa pa kwenda, nikabaki nayo.

Mama aligundua kabla hatujamwambia. Alipitisha kidole pale macho yalipokuwa.

"Mbona simwoni?" aliuliza.

Akaenda mbio kuchukua maji na brashi. Mtafiti akamzuia. Jiwe hili ni laini, alimwambia kwa upole, ukilisugua utaondoka na uso wenyewe. Tusubiri mvua, itaosha polepole, nami nitarudi. Ulikuwa ushauri wa busara, na hadi leo siwezi kuupinga. Kisha akapiga picha hivyohivyo, ibaki kumbukumbu ya mahali.

Mvua mwaka ule ilichelewa. Kampuni haikuchelewa. Padri aliongoza sala, na mifupa ikazikwa upya kwa heshima, sitasema uongo, chini ya misalaba ya saruji iliyofanana yote. Mawe ya babu yalirundikwa kwenye lori, moja juu ya jingine, na kwa ule ulaini wake yakafika kwenye makaburi mapya yakiwa kifusi. Mama alishinda akikipekua kile kifusi, akitafuta jicho au mdomo. Kila kipande alichookota kilikuwa na chokaa.

Najuta sana, na kinachoniudhi ni kwamba majuto yenyewe ni ya kitu kidogo mno. Laiti ujumbe ule ungesema "fyekeni". Neno lipo, na kila mtu kijijini analijua.

Baadaye mtafiti alinitumia disketi. Mama alipokuja Kahama nilimpeleka ofisini nikamfungulia ile picha. Ilishuka polepole kwenye skrini: anga, nyasi, kisha msalaba mweupe. Akasogeza kiti. Asubuhi nzima alikuwa amekaa pale akitusikiliza mimi na wenzangu tukiambiana futa hiki, futa kile.

"Ng'wana wane, wewe si unajua kufuta?" aliniuliza kwa sauti ya chini, wenzangu wasisikie. "Nifutie hiyo chokaa."

Nikamweleza kwamba kwenye kompyuta kufuta ni kuondoa vyote, na kwamba chini ya chokaa ile kompyuta haina kitu. Aliitazama picha kwa muda mrefu, mdomo kaubana upande mmoja. Kisha akaushika mkono wangu, uliokuwa bado juu ya kipanya, akauondoa taratibu.

"Basi usimfute," alisema.