Nilimuua Shujaa wa Mtani kwa Kitabu cha Zamani

Nilidanganya, ndugu msomaji, na tasbihi ikiwa mkononi. Namshukuru Mungu aliyeniachia uhai wa kulisema.

Mkwe wangu, mwalimu hapa Nachingwea, alituletea mchezo wa vita wa mezani. Hauna kamari. Kila mmoja anabuni shujaa wake, na dadu la pande ishirini linaamua nani kapigwa. Mtani wangu, Myao wa Kiegei, alimpa shujaa wake jina la marehemu baba yake.

Tulianza na kitabu kipya cha kanuni zake: jumlisha dadu na nguvu ya anayepiga; ukifikia namba ya ngao, umepiga. Hata hapo nikakosea kujumlisha. Mtani akacheka. "Sheikh, wale mayatima uliowagawia mirathi, walishiba kweli?"

Watu wakaangua kicheko. Mimi ni Mmwera. Myao akinitania, namtania. Safari hii nilinyamaza. Maisha yangu nimegawa mirathi za watu kwa haki, na neno lile lilinichoma. Kila swala niliomba subira, huku napanga kisasi.

Nikamshawishi mkwe turudi kwenye kitabu cha zamani. "Kina elimu zaidi," nilisema. Humo unatoa namba ya ngao kwenye namba ya anayepiga. Kinachobaki ndicho dadu lifikishe. Ngao ikiwa bora sana, namba yake hushuka chini ya sifuri, na hapo wengi hupotea. Wakaniachia mimi hesabu.

Zimwi la mchezo lililomvamia shujaa wa mtani lilikuwa na namba kumi na tatu. Ngao ya mtani ilikuwa hasi tatu. Kutoa hasi ni kujumlisha: kumi na sita. Nikasema, "Kumi." Dadu likatua kumi na mbili. Shujaa akafa, na mimi nikaona raha nisiyowahi kuipata hata msimu mzuri wa korosho.

Mkwe, kwa udadisi tu, akarudia pigo lile kwa kitabu kipya. "Baba, humu zimwi lilelile lina nguvu saba; na dadu kumi na mbili ni kumi na tisa. Ngao ileile humu ni ishirini na tatu. Mbona hapa asingepigwa?"

Mtani akanitazama. "Ungenitukana tu, mtani. Mimi si wako wa kutukana?"

Haukupita muda, tukamzika mke wangu kwao Chinongwe. Mtani alikuja. Nilisubiri alale njiani, azuie jeneza, adai chochote, atuchekeshe kama ilivyo desturi ya watani msibani. Alisogea pembeni akatupisha. Akanipa pole kwa adabu, kama mgeni.

Wewe uliyetaniwa ukaumia, jibu palepale, hata kwa matusi. Usiende na uchungu huo nyumbani. Adabu aliyonionyesha mtani siku ile, nakuombea usionyeshwe.