Mpishi wa Endebess anayekimbia na muziki sikio moja

Saa tisa na nusu alasiri, sufuria kubwa ya mwisho imeinamishwa ukutani ikauke, na Edinah Nasimiyu anavua aproni. Anaingia stoo ya kuni akiwa na rinda, anatoka na suruali ya traksuti, leso kiunoni juu yake, na raba za mtumba alizozikaza kwa kamba mbili.

Kutoka kifuani anachomoa kidude cheusi, kidogo kama kiberiti cha gesi. Anatia betri moja nyembamba, anabonyeza kwa kidole gumba, anasikiliza. Waya mmoja unaingia sikio la kushoto. Ule mwingine anauacha uning'inie.

"Hili sikio la kulia ni la watu," anasema, na kabla hujauliza ni watu gani, ameshatoka langoni.

Mwandishi huyu alijaribu kumfuata. Tulikuwa pamoja hadi kwenye josho la ng'ombe, mwendo ambao kwa gari usingeuona. Hapo nikashika kiuno nikabaki nikimwangalia akipotea kati ya mashamba ya mahindi, leso ikipepea.

Edinah ana miaka arobaini na minne. Alizaliwa Myanga, kule Bungoma, na ni mpishi katika shule moja ya bweni nje kidogo ya Endebess. Yeye na wenzake wawili husonga ugali wa wanafunzi zaidi ya mia nne kwa miiko mirefu kama majembe. Nilitaka kujua mtu wa kazi kama hiyo anatafuta nini tena barabarani.

"Hata mimi niliuliza daktari hivyo hivyo," anasema akicheka. "Nikamwambia, daktari, mimi hii mikono unaona ni ya kusonga. Akaniuliza, 'Unasonga ukiwa umesimama pahali pamoja, si ndiyo? Na unaonja mara ngapi?' Kuonja nilikuwa naonja, siwezi danganya."

Wapishi wa shule hupimwa afya kila baada ya muda. Mwaka jana, 2008, alipopimwa, presha yake ilikuwa juu kiasi kwamba muuguzi alirudia kipimo akidhani mashine imeharibika. Akapewa dawa, akaambiwa apunguze chumvi na afanye mazoezi. Na akaambiwa wazi: ikiwa haitashuka kufikia kipimo cha muhula wa tatu mwaka huu, hataruhusiwa kusimama mbele ya moto.

Mpishi asiyesimama mbele ya moto si mpishi. Mshahara wake wa shilingi 4,800 ndio unaomsomesha kitinda mimba wake, na mumewe hayupo tena duniani. Edinah akaanza kukimbia.

Wiki ya kwanza ilikuwa kichekesho. Huku mtu mzima hakimbii bila sababu, na mama mwenye wajukuu akikimbia, sababu huwa ni moja tu. "Watu walikuwa wanatoka kwa boma wanauliza, 'Mama Joan, nani amekufa?' Kuna mmoja aliweka mtungi wa maji chini akakimbia na mimi mpaka njia panda, amejifunga leso vizuri, tayari kulia. Nikamwambia ni mazoezi. Alikasirika, bana! Ati nimemharibia machozi."

Aibu ilimrudisha nyumbani mara nyingi. Ndipo siku moja ya soko, mjini Kitale, akapita kwenye kibanda cha Ngige, fundi wa redio, na kuona kijana ananunua kidude kama kile. Akauliza kinafanya nini. Ngige akamtia waya masikioni.

"Aliruka!" anakumbuka Ngige. "Akaongea kwa sauti kubwa, watu wote wakageuka. Akaniambia, 'Hawa watu wanaimba ndani ya kichwa yangu!' Sijawahi ona mteja amefurahi hivyo."

Kilikuwa MP3 ya Kichina isiyo na jina la maana, ya shilingi 1,100. Alikilipia pole pole, na siku ya kukichukua akamwomba Ngige amjazie nyimbo za kwaya. Hapo walikosea wote wawili. Nyimbo za kwaya alizozichagua zilikuwa za kutafakari, na mguu hufuata ngoma. "Nilikuwa natembea kama mtu anasindikiza jeneza," anasema. Akarudi, na Ngige akamwekea ngoma za isukuti na rumba ya haraka haraka. Kwaya zikabaki mbili, za kurudia nyumbani.

Ni hapo mambo yalipobadilika. Akiwa na muziki masikioni, Edinah hakusikia tena maswali ya barabarani, na asiposikia maswali, aibu haikupata pa kumshikia. Alikimbia hadi josho, kisha hadi kwenye daraja, kisha akavuka daraja. Sketi zikaanza kumlegea. Kliniki wakamwambia presha imeanza kusikia.

Lakini kutosikia maswali ni pia kutosikia salamu, na hilo hapa si jambo dogo. Minong'ono ikaanza kwamba mama Joan amepata maringo. Yeye hakujua. Angejuaje, na masikio yote mawili yalikuwa yamezibwa?

Kisha ikaja siku ya mkwe.

Binti yake Joan ameolewa na Wabwile, kijana anayepeleka maziwa Kitale kwa baiskeli. Katika desturi ya jamii yao, mama mkwe na mkwe wa kiume huheshimiana kwa kukaa mbali. Hawashikani mikono, hawali pamoja, hawaongei uso kwa uso. Wakikutana njiani, mama huingia kando hadi mkwe apite. Kwa miaka minne Wabwile amekuwa akipiga kengele ya baiskeli mara tu anapomwona, na Edinah anaingia kwenye mahindi na kugeuka nyuma. Mambo yalikwenda vizuri kabisa.

Jioni hiyo njia ilikuwa nyembamba, mtaro upande huu na seng'enge upande ule. Wabwile akamwona mbele yake. Akapiga kengele. Edinah akaendelea kukimbia.

"Nilipiga tena, nikapiga tena," anasimulia Wabwile, akikaa juu ya mtungi wa maziwa. Mpaka leo hamtaji kwa jina. Ni "yule mama" tu. "Sasa kumuita siwezi. Kumpita siwezi, nitamgusa. Kusimama, nina maziwa ya watu na gari la maziwa halingoji. Na yule mama amevaa suruali! Mimi nataka kuangalia kando, na baiskeli inataka niangalie mbele. Si utaanguka tu?"

Akaanguka. Baiskeli iliingia mtaroni, mitungi miwili ikamwagika, na mfupa wa bega ukateguka. Alilala pale akiita, si mkwewe, bali mtu yeyote. Edinah hakugeuka. Alikuwa mbali na rumba yake, akifurahia jinsi pumzi isivyomkata tena.

Waliokuwa shambani waliona yote. Kufikia magharibi kijiji kizima kilijua kwamba mama Joan amemwangusha mkwe wake mtaroni, akiwa ndani ya suruali, na kumwacha huko.

"Nililia," anasema Edinah. Kicheko chake chote kimekwisha. "Mtu wangu ameumia, mtoto wangu analala na yeye ameumia, na mimi siwezi hata kwenda kwa kitanda chake kusema pole. Desturi imenikataza. Nilituma watu. Lakini pole ya kutuma, unajua, haifiki yote."

Wifi yake, Rispah, ndiye aliyepewa na wazee kazi ya kumwambia akome. Rispah si mtu wa maneno mengi. "Nilimwambia akae chini. Presha ni ugonjwa, na kukosea mkwe pia ni ugonjwa, hata mbaya zaidi. Yule mtoto wetu angefukuzwa kwa bwana yake, sisi tungesema nini?"

Edinah akakiweka kidude ndani ya kopo la sukari tupu, akaacha kukimbia. Likizo ya Aprili ikapita, muhula wa pili ukaanza. Kizunguzungu kikamrudia, siku moja akashika mwiko ukamponyoka. Kliniki wakampima na kumwonyesha mshale wa mashine umerudi ulipotoka. Kipimo cha muhula wa tatu kilikuwa kinakuja, na hakuna mwanakijiji ambaye angeweza kumruhusu kukimbia ila mkwe aliyeumia, naye ndiye asiyeweza kuongea naye.

Joan akambebea habari hizo mumewe. Alimweleza juu ya mwiko, juu ya mshale, na juu ya kazi. Asubuhi Wabwile, mkono ungali umefungwa kitambaa shingoni, akaenda mwenyewe kwa Rispah.

"Mama yangu alianguka jikoni na presha," ananiambia, akitazama barabara. "Mimi nilikuwa huko kwa maziwa. Nilirudi nikapata watu wamejaa kwa boma. Nikawaambia, sasa huyu mwingine mnataka nimzuie kukimbia kwa sababu mimi nilianguka? Bega litapona. Wacha akimbie, bora aache sikio moja wazi."

Wazee walishangaa, kisha wakakubali, na Rispah akaongeza sharti la leso juu ya suruali. Nilipomuuliza Rispah kama bado ana kinyongo, alikunja uso. "Kinyongo cha nini? Nani unafikiri alimnunulia hiyo leso?"

Sasa Edinah hukimbia akiamkia kila mtu, na wengine humwitikia kabla hajafika. Akisikia kengele, anaruka kwenye mahindi huku miguu yake ingali inacheza palepale, na Wabwile anapita akiangalia upande wa Mlima Elgon. Nimeiona kwa macho yangu, na nakiri kwamba nilicheka hadi wakanitazama.

Presha imeshuka tena, ingawa muuguzi anasema asijivune mapema. Kipimo cha shule ni mwezi ujao. Nilidhani hilo ndilo analolingoja kuliko yote, lakini alitikisa kichwa.

Kuna njia ya kuimaliza ile aibu ya mkwe, yaani huko kukaa mbali, na familia zimekubaliana kuifanya Desemba. Wabwile ataleta blanketi, Edinah atachinja kuku, na mbele ya watu watashikana mikono kwa mara ya kwanza. Kuanzia hapo wataweza kuzungumza. Tayari ameanza kumtenga jogoo na kumlisha mahindi kando.

"Watu wanafikiri nataka blanketi," anasema Edinah, akifuta jasho kwa ncha ya leso. "Mimi nina pole ya huyu kijana. Imenikaa kwa kifua tangu siku ile. Nataka kumpa mwenyewe, kwa mdomo wangu, nikiwa nimemshika mkono."