Swafiya Anatafuta Maji Chini ya Antena

Saa sita na nusu mchana, mtaa wa Nyakabanda. Swafiya Uwineza, fundi wa redio za magari, amepiga magoti juu ya kiti cha dereva, kichwa kimezama chini ya dashibodi. Redio ya gari inakoroma. Kwenye kiti cha nyuma amekaa Gaudiose, bibi mwenye kitenge cha bluu, mkoba mapajani, na hana nia ya kushuka.

"Saa saba wanasoma matangazo," anasema. "Mimi nataka kusikia."

Ni matangazo ya vifo. Vijana hupashana habari za msiba kwa simu, lakini watu wa rika la Gaudiose bado husubiri redio itaje majina. Mwezi uliopita ilitaja la dada yake. Gaudiose alikuwa ndani ya gari hili hili, akisikia mkoromo tu, na ndugu wa kijijini walidhani redio imetosha. Alipopata habari, dada alikuwa ameshazikwa. Ni jambo chungu, na hajalisahau.

Mwanawe Habumugisha, dereva wa teksi hii, alitaka kununua redio mpya. Wengi hufanya hivyo.

"Redio watu wanaionea bure," anasema Swafiya, aliyerithi ufundi huu kwa marehemu baba yake.

Kwanza anachomoa chaja ya simu, maana chaja za bei rahisi huleta kelele. Mkoromo unabaki. Anachomoa waya wa antena nyuma ya redio na kuchomeka kipande cha waya wa kawaida. Mtangazaji anasikika, kwa mbali, lakini anasikika.

"Unaona? Redio iko nzima. Shida iko huku juu. Gari unaosha wapi?" anamuuliza Habumugisha, aliyesimama mlangoni.

"Hapo chini, kila asubuhi. Kigali hii utabeba watu na gari ya matope?"

Swafiya anacheka. Usafi wa jiji ndio unaomlisha. Waosha magari hufungua antena ili wasugue paa vizuri, kisha huirudisha bila kuikaza. Maji ya mashine huingia chini yake, chuma hushika kutu, na redio huanza kukoroma.

Anapanda kistuli, anafungua kitako cha antena. Maji yanadondoka. Anakausha, anasugua kutu kwa msasa, anaweka mpira mpya.

"Fundi, saa saba inafika," Gaudiose anamkumbusha.

"Yego, mukecuru," anajibu Swafiya, yaani ndiyo, bibi. "Namaliza."

Huku akikaza antena, anaeleza mpango wake: Jumapili hii kuwaita waosha magari wa mtaa awaonyeshe namna ya kuirudisha. Tayari wanne wamekubali.

"Wateja watapungua, sawa. Kazi zingine ziko. Lakini mtu akose kuzika dada yake sababu ya maji? Hapana."

Anachomeka tena waya wa antena, na Habumugisha anawasha redio. Sauti inatoka safi. Majina yanasomwa, na vijiji vyao. Gaudiose amefumba macho, anasikiliza moja baada ya jingine, mpaka la mwisho.

"Wetu hayumo," anamwambia mwanawe. "Twende."