Ujia wa Kupitisha Upepo

Nimechora shule, kanisa, hata maduka ya Isebania, lakini nyumba ya watu wanaoteleza mawimbini kwa ubao? Nilicheka. Mteja wangu alijifunza mchezo huo Mombasa, akaamua kwamba mawimbi ya ziwa letu, pale Kendu Bay, yanamtosha. Haya, mwenye nguvu mpishe. Nikachora stoo ya mbao zao, vyumba vya kubadilishia nguo, na ukuta mrefu nyuma.

Vibarua walipochimba msingi, jembe likagonga kitu kirefu kilichofungwa shuka. Wote wakarudi nyuma. Lilikuwa tunda la yago, limekauka kama gogo. Mimi ni Mluo wa Suna, sikuhitaji kuelezwa. Mtu akizama na ziwa likakataa kumrudisha, yago ndilo huzikwa badala yake.

Mjane wa aliyezama alitoka jikoni kwake, nyuma tu ya kiwanja. Shemeji yake ndiye aliyetukodishia ufuo, bila kumwambia.

"Nyar Suna," aliniita, yaani binti wa Suna, "hilo mlizike tena. Lakini mwenyewe bado yuko njiani. Ukinijengea ukuta hapa, atapitia wapi kuja kwangu?"

Nilimkasirikia shemeji, nikamkasirikia mteja, halafu nikachora upya. Yago likarudi kaburini. Nyumba nikaisogeza, nikaipasua katikati: ujia mmoja usio na mlango, kutoka majini moja kwa moja hadi jikoni kwa yule mama. Mteja aliuliza ni wa nini.

"Wa kupitisha upepo," nikamjibu. Akanisifu, maskini!

Mwaka uliofuata nilirudi kukagua nyufa. Ziwa lilikuwa limelala, hakuna upepo, hakuna aliyekuja kuteleza. Mama alinivuta jikoni, akanikalisha kitini ninywe chai. Alikuwa akinitania kwamba nimenenepa, eti Suna kuna nini, mara nikasikia miguu yenye maji ikija polepole juu ya saruji ya ujia.

"Hodi," ikasema sauti ya mwanamume.

Nilifungua mdomo kuitikia, kama tulivyolelewa. Mama akanibana mkono, akanitangulia.

"Karibu," alisema. "Mbona umechelewa hivyo?"

Nilichungulia ujiani. Hapakuwa na mtu. Nilipogeuka, mama alikuwa ameshika kikombe cha pili, ananitazama kwa upole.

"Simama, Nyar Suna," alisema. "Hicho ni kiti chake."